Mwenye farasi aliweza kwenda na saa, sisi wenye kosta je?

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Kinondoni aliyeandika humu kwamba basi la mtu binafsi haliwezi kwenda na saa, yaani kuondoka kwa saa iliyopangwa, na anayetaka saa asubiri mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao. Nina kosta mbili, basi ndogo za abiria, zinazolala Tandika, na kabla ya kuzinunua nilikula kwa kuning'inia mlangoni nikiita abiria, kwa hiyo sisemi ya kusikia. Ila sitamjibu kwa habari zangu. Nitamjibu kwa Thomas Tilling wa London, mkodishaji farasi, mtu aliyekufa bila kumiliki basi hata moja la injini.

Tilling alizaliwa mwaka 1825 shambani huko Hendon. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo alinunua farasi jike wa kijivu aitwaye Rosa Blackbird kwa paundi 30, akaanza kumkodisha mtaa wa Walworth. Ndiyo ilikuwa biashara yenyewe: daktari asiyetaka gharama ya kufuga, mwenye harusi, mwenye duka, wote wanakwenda zizini kwa mkodishaji, wanalipa, wanapewa farasi na gari, na dereva wakimtaka. Kazi ikiisha mali inarudi kwa mwenyewe. Wenye bajaji wananielewa.

Akahamia Peckham, kusini mwa London, akanunua basi la kukokotwa na farasi, na kufikia 1851 lilikuwa likitoka huko kwenda Oxford Street, katikati ya jiji, safari nne kwa siku. Mwaka huo London ilikuwa na Maonyesho Makubwa ya Hyde Park, watu milioni sita walipita milangoni, na kila mwenye gurudumu alitaka chake. Sasa msomaji wa Kinondoni asikilize vizuri. Mabasi ya London ya enzi hizo yalifanya haya haya tunayoyafanya sisi. Yalivizia abiria, yalifukuzana barabarani, kondakta akiwa amesimama kwenye kipago cha nyuma anapiga kelele. Mengine yalimfuata mteja mpaka mlangoni kwake na kumngoja amalize chai. Tilling akakataa kwenda milangoni kwa watu. Abiria atasimama mahali panapojulikana, na basi litaondoka saa yake ikifika, limejaa au halijajaa.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia, kwa sababu ninajua hesabu za chombo. Kosta yangu ikisimama kituoni na injini imezimwa hainywi mafuta, ndiyo maana tunaona kungoja ijae ni kitu cha bure. Farasi anakula shayiri na majani makavu awe amesimama au anatembea. Tena basi moja la London lilihitaji farasi kumi au kumi na mmoja kwa siku, kwa sababu wawili wanaolivuta wanachoka baada ya kazi ya saa tatu au nne na lazima wabadilishwe. Mtu mwenye gharama ya namna hiyo ndiye aliyekuwa na kila kisingizio cha kungoja abiria wa mwisho. Nionavyo mimi, ratiba ilimsaidia hata zizini: saa ikijulikana, farasi wa kubadilisha anakuwa tayari na aliyechoka anakula kwa wakati. Na karani wa ofisi aliyepanga chumba Peckham hakuhitaji basi la rahisi kuliko yote, alihitaji lile ambalo halitamfukuzisha kazi.

Je, alifilisika? Mwaka 1856 alikuwa na farasi 70. Kikosi cha zimamoto cha London nacho kilikuja kutumia farasi wake, na zimamoto huwezi kuwaambia subirini kidogo gari lijae. Alipofariki mwaka 1893 kampuni yake ilikuwa na farasi wapatao 4,000. Wanawe waliingiza mabasi ya injini 1904, na basi lao la mwisho la farasi likaacha kazi Agosti 1914, vita ilipoanza na jeshi likawataka farasi.

Najua nitakachojibiwa: foleni, wapiga debe, na hesabu ya tajiri, yaani kile kiasi ambacho dereva lazima ampelekee mwenye gari kila jioni. Foleni ya Buguruni siikatai, ninaijua. Lakini hesabu tumeiweka wenyewe. London nako makondakta walizoea kumpelekea tajiri kiasi fulani na kubaki na kinachozidi, na kampuni kubwa kuliko zote ilipowaletea tikiti mwaka 1891 waligoma. Siwalaumu. Dereva niliyemwambia "niletee kiasi hiki jioni, mengine utajua mwenyewe" hawezi kuondoka na viti vitupu, hata umpe saa ya dhahabu. Akiondoka na viti kumi vitupu, hasara ni yake, si yangu.

Ninachopendekeza kwa wenye gari wenzangu wa Tandika ni kidogo tu. Tuanze na safari za alfajiri, kabla foleni haijaamka. Gari la kwanza liondoke saa kumi na moja kamili, linalofuata baada ya dakika kumi, na kuendelea hivyo mpaka saa kumi na mbili. Kwa saa hiyo moja dereva na konda walipwe ujira unaojulikana, hasara ya viti vitupu iwe ya mwenye gari. Kosta sita au saba zinatosha, na mbili tayari ninazitoa mimi. Saa za kuondoka ziandikwe kwa rangi kwenye ubao pale kituoni, zisomwe na kila mtu, akiwemo mpiga debe.

Wenzangu wakikubali, msomaji wa Kinondoni ninamkaribisha Tandika aje kuhakiki kwa macho yake. Ila afike mapema, maana tukishasema kumi na moja hatutamngoja.

Mwenye kosta,
Tandika, Dar es Salaam