Neno "ugaidi" lipimwe kwa kipimo kimoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie neno "ugaidi", ambalo siku hizi hutamkwa katika habari na hotuba kwa wepesi unaonitia wasiwasi. Mwandamanaji aliyechoma matairi huitwa gaidi, mpinzani wa serikali huitwa gaidi, na hata jambazi aliyevunja duka huitwa hivyo. Lakini jeshi linaposhambulia makazi ya raia kwa makusudi ili kuwavunja moyo, neno hilohilo huonekana zito mno kutamkwa.

Neno la Kizungu ambalo sisi tunalifasiri kuwa ugaidi lilizaliwa Ufaransa, kutoka katika shina la Kilatini lenye maana ya kutia hofu. Mwaka 1793 na 1794, wakati wa mapinduzi ya nchi hiyo, wenye madaraka waliifanya hofu kuwa njia ya kutawala, na maelfu ya watu wakauawa, wengi wao kwa gilotini, mashine ya kukata vichwa. Robespierre, kiongozi mashuhuri wa utawala huo, alipoangushwa na kuuawa Julai 1794, waliompindua ndio waliolieneza neno hilo ili kuutaja utawala wake. Kwa hiyo watu wa kwanza kuitwa magaidi walikuwa watawala wenye mahakama, magereza na askari, jambo ambalo wengi wetu tumelisahau kabisa.

Kinachoutenga ugaidi na uhalifu mwingine ni kwamba anayeumizwa siye hasa anayekusudiwa. Jambazi anayemwua mlinzi anataka fedha, na angefurahi kama kifo kile kisingesikika na mtu yeyote. Anayetega bomu sokoni anawalenga watakaosalimika na watakaopata habari, ili woga uwasukume wao, au serikali yao, kutenda jambo ambalo yeye hakuweza kuwashawishi walitende. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1999 dhidi ya ufadhili wa ugaidi unalieleza jambo hili vizuri: unataja tendo lililokusudiwa kumwua au kumjeruhi vibaya raia, au mtu mwingine asiyeshiriki katika mapigano, lengo likiwa kuwatisha watu au kuilazimisha serikali au shirika la kimataifa kufanya jambo fulani au kuacha kulifanya. Maelezo hayo hayataji dini wala kabila la mtendaji.

Najua kwamba mkataba mpana zaidi, unaojadiliwa katika Umoja wa Mataifa tangu miaka ya 1990, haujakamilika, kwa sababu mataifa hayakubaliani kuhusu wapigania ukombozi na kuhusu matendo ya majeshi ya serikali. Mashaka hayo yana msingi. Nelson Mandela, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1993 na kuwa rais mwaka uliofuata, aliendelea kuwamo katika orodha ya Marekani ya wanaohusishwa na ugaidi hadi mwaka 2008. Hata hivyo sikubaliani na wanaohitimisha kwamba neno lenyewe halina maana. Madai ya haki hayahalalishi bomu lililotegwa ndani ya basi la abiria, na madai ya dhuluma hayaigeuzi kambi ya jeshi iliyoshambuliwa kuwa makazi ya raia.

Jina hili pia lina madhara kwa anayepewa, kwani katika nchi nyingi mshukiwa wa ugaidi huweza kuzuiliwa muda mrefu kuliko washukiwa wengine na kunyimwa dhamana, na hata mahakama ikimwachia huru, majirani huendelea kumwogopa.

Kwa hiyo ninaliomba gazeti lako, kabla ya kuliandika neno hilo, lijiulize ni nani aliyeumizwa na ni nani aliyekusudiwa kuogopeshwa. Majibu yasipojulikana, litueleze tu kilichotokea: kwamba watu wenye silaha walishambulia kituo fulani na kuua watu kadhaa. Na neno likitoka kinywani mwa waziri au mkuu wa polisi, liandikwe kuwa ni lake, si la mwandishi.

Wako,
Msomaji