Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mkutano wetu wa mafunzo na kwa nini tumeugeuza

Wanachama wenzangu, salaam aleikum na habari zenu, nyinyi wa kisiwani, wa Nyali, wa Bamburi, na ndugu zetu wa Likoni na Diani ambao kila tukiitana ni lazima mpange foleni ya feri kwanza. Taarifa ya mwaka ndo hii. Mambo ya pesa mweka hazina atawasomea mwenyewe kwa mkutano mkuu, vitabu viko afisini, anayetaka kuviangalia karibu. Leseni wengi washalipia, waliobaki nawaomba sana wasingojee msimu wa wageni uanze ndo waanze kukimbizana na makaratasi. Hayo yatosha. Nataka nikae kwa jambo moja manake ndilo lililozua maneno mengi mwaka huu, mengine yamenifikia kwa simu usiku, nalo ni mkutano wetu wa mafunzo ya waongoza watalii.

Mwajua ulivokuwa. Ukumbi wa hoteli, viti safu safu, meza ya mbele ina maua na chupa za maji, mgeni rasmi achelewe, hotuba ya kumkaribisha mgeni rasmi, hotuba ya mgeni rasmi, hotuba ya kumshukuru mgeni rasmi, ishafika saa tano hakuna aliyejifunza kitu. Halafu aje mtaalamu na slaidi zake za maandishi madogo azisome moja moja huku ameupa ukumbi mgongo, watu wamekula pilau wameshiba, AC yavuma, macho yafumba. Maswali dakika tano na dakika hizo zachukuliwa na watu wawili walewale. Cheti, picha ya pamoja, haya kwaherini. Mtu ametoka Lamu amelipa nauli ameacha wageni wake, anachorudi nacho ni mkoba na kalamu. Mimi hilo lanikera mpaka leo.

Na mwajua mafunzo yalikuwa wapi? Nje kwa chai, mahamri mkononi, pale mmoja akimwambia mwenzake vile alivotulia na mgeni aliyezimia juani, au vile amewaeleza watoto wa shule habari za watumwa bila kuwaficha ukweli. Si sisi peke yetu tulioona hivi. Kuna Mmarekani, Harrison Owen, mwaka 1983 aliandaa kongamano la kimataifa, akalihangaikia karibu mwaka mzima, na lilipokwisha watu wakakubaliana kwamba lililowafaa zaidi ni mapumziko ya kahawa. Badala ya kununa akajiuliza mbona basi mkutano wote usiwe hivo, na 1985 akaanza mtindo wake wa Open Space, watu wakae duara, ajenda waiandike wenyewe asubuhi ileile, kila mwenye jambo alitaje na aseme atakaa wapi, na ukijiona hapo ulipo hujifunzi wala huna la kuchangia, inuka nenda kundi jingine, si utovu wa adabu.

Kwa hivo kamati iliamua kugeuza. Ratiba kwanza, manake ratiba mbovu haiokolewi na mtaalamu yeyote. Mwanzo tulisogeza saa ili wa ng'ambo wasiingie katikati ya kipindi, Ijumaa kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane tukaiacha wazi kabisa watu waswali wale kwa utulivu, na baada ya chakula hakuna slaidi hata moja, hapo ni kazi ya kusimama na kutembea. Mgeni rasmi tulimuomba dakika tano na akakubali, kisha akakaa kwenye vikundi mpaka wakati wa chai, twamshukuru kwa moyo wote.

Kipindi ninachotaka mkikumbuke ni kile cha Ngome. Zamani tungemuweka mtaalamu atupe historia ya Fort Jesus kuanzia mwanzo hadi mwisho, sisi ambao twaingiza wageni mle kila wiki. Safari hii kila mtu alipewa karatasi tupu aandike anachokijua kuhusu ule mzingiro, pale Waomani walipoizunguka ngome ikiwa mikononi mwa Wareno, bila simu, bila kuuliza. Kisha wawili wawili walinganishe, kisha wanne wanne. Jamani ule ubishi! Wazee wetu wawili mmoja ashikilia 1696 mwingine 1698, hakuna anayelegea, kumbe wote wana haki, mzingiro ulianza Machi 1696 na ngome ikaanguka Disemba 1698. Wengine wakabishana kuhusu ile meli ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyozama hapo mbele ya ngome 1697, ilikuja kufanya nini na vitu vilivotolewa chini ya maji viko wapi. Hapo ndo mtaalamu akapewa maiki, na kazi yake ilikuwa ni kujibu yale tu yaliyowashinda, akamaliza kwa muda mfupi na hakuna aliyesinzia manake kila mtu alikuwa ana kitu amekiandika anataka kujua kama amepata au amekosa.

Halafu tukapanda juu ya ngome, mmoja awe mwongozaji, mwenzake awe mgeni msumbufu. Kuna binti mmoja mwanachama mpya, ukumbini sijawahi kumsikia akitamka neno. Mgeni wake alipomuuliza kwa nini Wareno walimleta Cairati, msanifu wa Kitaliano, kuichora ngome hii iliyoanzwa 1593, alivua ndara zake, akaazima na za mwenzake, akazipanga nne sakafuni kuonyesha buruji nne za pembeni mwa ngome na vile kila moja yalinda ubavu wa jirani yake, ukisogea ukutani wapigwa kutoka upande. Wazee wakainama kuangalia. Mmoja aliniambia kazi hii ameifanya miaka mingi na sasa ameipata njia ya kulieleza jambo hilo kwa mtoto.

Sasa malalamiko, na nayachukua kwa uzito. Kuna waliosema "tumelipa tufundishwe mkatuweka tufundishane wenyewe". Nawaelewa, ukimsikiliza mtu fasaha watoka umejaa, waona umejua. Lakini 2019 watafiti wa Harvard walilipima hilo kwa wanafunzi wa fizikia, waliofanya kazi wenyewe darasani walipata alama za juu kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, ila ukiwauliza, hao waliofanya kazi wenyewe ndo waliodhani wamejifunza kidogo. Kule kuhangaika kichwani kwachosha na mtu hukuhesabu ni kutofundishwa. Na 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa saikolojia, walionyesha jambo la karibu na hilo, waliosoma maandishi tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini wiki ikipita waliojijaribu kukumbuka bila kuangalia waliwapita mbali. Ndo maana ya ile karatasi tupu. Na ndo maana zile fomu za maoni za kujaza mlangoni huku mtu awahi matatu sizitegemei tena, kamati imeamua itawapigia wanachama simu mwezi mmoja baada ya mkutano, swali ni moja tu: kuna kitu gani umekibadilisha kazini?

Mihadhara haijafutwa. Mtu akiwa na jambo jipya kabisa tutakaa kimya tumsikize, lakini kwa kifupi, na atuachie kazi ya kufanya.

Kelele za vikundi ukumbini, hilo kweli, wenye masikio mazito walipata taabu, mwaka ujao twatafuta mahali penye vyumba vidogo au uwanja wenye miti na kivuli cha kutosha. Lugha pia. Vikundi vilivojadili kwa Kiswahili watu waliongea mpaka tukawasimamisha, vilivolazimisha Kizungu walibaki walewale wawili, basi vikundi vitakuwa Kiswahili na anayetaka kujifanyia mazoezi ya Kijerumani au Kitaliano atatengewa meza yake. Mikoba na kalamu zimeondolewa, pesa hiyo itasaidia nauli za wanachama wa Lamu, Tana River na Taita. Ada haipandi.

Ajenda ya mkutano ujao hatuiandiki afisini. Kila mwanachama amtumie katibu kwa simu swali moja aliloulizwa na mgeni mwaka huu likamshinda, liwe la Ngome, la kasa, la msikiti, la bei ya samaki, lolote, na aseme aliulizwa wapi. Mwisho wa kupokea ni mwisho wa mwezi huu, na yale yatakayojirudia zaidi ndo yatapewa siku ya kwanza.

Mwenyekiti wenu,
Mombasa