Tupeni tarehe ya kisimbuzi kipya cha kurekodi

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma mara mbili habari yenu kuhusu kisimbuzi kipya cha kurekodi nikitafuta tarehe, sikuiona. Kuna picha ya boksi jeusi na maneno ya ofisa masoko kwamba kitafika "hivi karibuni". Maneno hayohayo tuliyasikia toleo la zamani lilipoanza kuadimika madukani. Sisi tunaofunga madishi tulinyamaza, tukawa tunawatuliza wateja kwa niaba ya kampuni. Siwezi kuendelea na kazi hiyo, kwa sababu gharama ya kusubiri inabebwa na mteja peke yake na habari yenu haikumgusa hata kwa sentensi moja.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Marekani kinasa vipindi cha TiVo kiliingia sokoni mwaka 1999. Uingereza kisimbuzi cha kurekodi cha Sky+ kilianza mwaka 2001 kikiwa na diski ya gigabaiti 40 tu, na watu walikifurahia. Hapa Afrika MultiChoice, wenye DStv, walitoa kisimbuzi cha kurekodi cha Explora mwaka 2013 kikiwa na diski ya terabaiti 2. Kampuni inayotuambia leo kwamba majaribio bado yanaendelea iseme inajaribu nini.

Wakati tunasubiri, visimbuzi vya zamani vinakufa, na vinakufa kwa sababu zinazojulikana. Kisimbuzi cha kurekodi hakiandiki kwenye diski pale tu unapobonyeza kitufe chekundu. Ili uweze kusimamisha mechi ukapokee simu, kinaandika chaneli unayoitazama muda wote kikiwa kimewaka. Chaneli ya HD inayokuja kwa megabiti 8 kwa sekunde ni kama gigabaiti 3.6 kwa saa, yaani zaidi ya gigabaiti 86 kwa siku kwa kisimbuzi kinachoachwa kimewaka usiku na mchana. Diski hiyo imefungiwa ndani ya kabati la televisheni lisilopitisha hewa, katika joto la Dar es Salaam, na umeme unakatika ikiwa katikati ya kuandika. Umeme ukirudi, kumbukumbu ya diski imevurugika na orodha ya vipindi iko tupu. Kuna na ugonjwa mwingine ambao mafundi wengi wanaukosea: kisimbuzi kinawaka, kinaonyesha nembo, kinajizima, kinaanza upya. Watu wanalaumu diski na kuitupa, kumbe adapta ndiyo imechoka. Diski kubwa ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12, na adapta ambayo kapasita zake (vile vihifadhi umeme vya ndani) zimevimba vichwa haiwezi kutoa kiasi hicho. Ukipima bila mzigo unaona volti 12 kamili na kudhani ni nzima. Ipime wakati diski inaanza kuzunguka. Wengine wananunua adapta ya mtaani iliyoandikwa ampea 3 ambayo ndani yake haifiki hata mbili, na tatizo linarudi palepale.

Mama mmoja wa Tandika, muuguzi wa zamu za usiku, diski ya kisimbuzi chake ilikufa kweli. Dukani kwa kampuni aliambiwa toleo hilo halitengenezwi tena, vipuri havipo, asubiri kipya. Akauliza kama fundi anaweza kumwekea diski nyingine. Akajibiwa kwamba kisimbuzi kikifunguliwa, dhamana na huduma vyote vimekwisha. Akauliza kama angalau atapunguziwa ada ya kurekodi anayolipa juu ya kifurushi, maana harekodi chochote. Hapana, ada inaendana na aina ya kisimbuzi kilichosajiliwa, si na hali yake. Akapewa ushauri wa kununua kisimbuzi cha kawaida kisichorekodi ili atumie kwa sasa, kwa bei kamili, na kipya kikija anunue tena. Huyu ni mteja anayelipa kila mwezi bila kuchelewa! Vipindi anavyovitaka vinaonyeshwa akiwa wodini. Kurekodi ndiko kulikomfanya ajiunge, na anachouziwa sasa ni televisheni inayoonekana na kila mtu nyumbani isipokuwa yeye anayeilipia. Hakuna aliyemwandikia barua, hakuna aliyempigia simu, hakuna aliyeweka jina lake kwenye orodha ya watakaohudumiwa kwanza. Kwa kampuni hiyo, kusubiri si jambo linalohitaji hata fomu.

Habari yenu haikusema pia boksi hilo lina tyuna ngapi (vipokezi vya ndani, kila kimoja kikishika chaneli yake) na linahitaji LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) ya aina gani, na hilo ndilo linaloamua mtu ajiandae na nini. LNB ya kawaida inapokea amri kwa volti: 13 kwa mawimbi ya wima, 18 kwa ya mlalo, na mlio wa kilohezi 22 wa kuhamia bendi ya juu ya masafa. Waya mmoja hauwezi kubeba amri mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukitumia waya mmoja kwenye kisimbuzi cha tyuna mbili, utarekodi chaneli nyingine pale tu inapokuwa kwenye mkao (wima au mlalo) na bendi ileile ya unayoitazama. Ukitaka uhuru, LNB iwe ya matundu mawili na nyaya mbili zishuke kutoka juu ya bati hadi sebuleni. Kama kampuni imechagua LNB ya kisasa inayogawa masafa na kupitisha tyuna kadhaa kwenye waya mmoja, iseme sasa, watu wasije wakatoboa kuta bure.

Na hapo kwenye waya pana uchafu mwingine ambao sijui ni nani anaukagua. Madukani Kariakoo unauziwa waya ulioandikwa RG6, aina ya waya wa dishi, ambao moyo wake ni chuma kilichopakwa shaba kidogo. Chukua sumaku, uiguse ncha ya waya: ikinasa, umeuziwa chuma. Waya huo ukiwa mrefu na viungio vyake vikiingia kutu, volti 18 zinafika juu zikiwa pungufu, LNB haigeuki, na chaneli za mlalo zinapotea huku za wima zikionekana vizuri. Anayetazama ataona kosa na kuita fundi. Kisimbuzi kinachorekodi saa nane usiku hakina wa kumwita. Kitakuachia rekodi tupu na wewe utalaumu rimoti.

Dawa ninayoipendekeza kampuni inaweza kuianza mwezi huu. Ipandishe programu mpya kwenye visimbuzi vyake vya kawaida vya HD vyenye tundu la USB, vikubali diski ya nje yenye umeme wake yenyewe. Tyuna moja inatosha kumrekodia chaneli moja mtu ambaye hayupo nyumbani. Gigabaiti 500 kwa hesabu ile ya juu ni zaidi ya saa 130. Ada ya kurekodi isimame kwa kila mwenye diski iliyokufa mpaka kipya kifike. Kifurushi kikiisha, rekodi zibaki zikifunguka kwa siku 30, maana alizirekodi akiwa amelipia. Kipya kiuzwe na adapta ya ampea 3 za kweli, na diski iwe kwenye droo ya skrubu mbili ambayo fundi aliyeidhinishwa anaweza kuibadilisha bila kuvunja lakiri.

Mkimrudia ofisa huyo, muulizeni rekodi za zamani zitahamaje, kwa kuwa zimefungwa kwa ufunguo wa kisimbuzi chenyewe na diski ukiitoa haisomeki popote. Muulizeni tyuna ni ngapi na LNB ni ipi. Halafu msitoke bila tarehe.

Fundi wa madishi,
Dar es Salaam