Tuta la Bwawa Letu Linavuja: Tuchangie Kabla ya Masika

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwenu wana wa shehia mliopo hapa Pemba, na nyinyi mlioko Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, Muscat na popote riziki ilipowapeleka.

Nani kati yetu hajala sikukuu bwawani? Idd Mosi, jua likishapoa, watoto wana vijisenti vya sikukuu mfukoni, vijana wanagombania mtumbwi mmoja wenye kiraka, na kinamama wapo chini ya mwembe, juu ya tuta, wanachoma muhogo. Maji yale hatuyanywi wala hatuyamwagilii. Ni ya kuogelea, kuvua perege kwa ndoana na kupunga upepo. Pengine ndiyo maana hakuna aliyejiona ana wajibu nayo. Kisima kikiharibika mtaa mzima hupiga kelele. Bwawa la starehe likivuja watu husema, si maji tu, yatajaa tena.

Basi vuli iliyopita lilivuja. Mzee mmoja anayelima bonde la chini aliona mguuni mwa tuta pametota, na ukoka wa pale umestawi kuliko wa kwengine. Tuta la udongo kutoka jasho kidogo si ajabu. Cha kutazama ni rangi ya maji yenyewe. Tulikinga chupa tatu kwa siku tofauti, tukaziacha zitulie juu ya baraza ya msikiti. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilituama vumbi jembamba. Ya tatu, tuliyokinga asubuhi baada ya mvua kubwa, ilikuwa na tope unene wa kidole. Lile tope ni tuta lenyewe. Maji yamepata njia ndani, yanachota udongo kidogo kidogo, na njia inapanuka bila ya aliye juu kuona kitu.

Tulimwomba mhandisi wa umwagiliaji aje kututazamia. Alizunguka na fimbo yake, akaingiza ncha kwenye mashimo ya kaa na panya, akanyamaza. Lakini alikokaa muda mrefu ni kwenye mchirizi wa pembeni, ule unaotoa maji bwawa linapojaa. Humo alikuta nyavu mbili zimefungwa kwa kamba ya katani, zimejaa majani makavu, makumbi na chupa. Vijana waliziweka ili perege wasitoroke na mafuriko. Nia yao njema, sikatai. Ila mchirizi ukiziba, maji hayana pa kupita isipokuwa juu ya mgongo wa tuta, na tuta la udongo likishapitiwa na maji juu, halichukui muda. Na mgongo wenyewe umebonyea pale katikati, tulipofanya njia ya ng'ombe na pikipiki, kwa hiyo maji yameshaoneshwa pa kuanzia.

Haya si mapya duniani. Pennsylvania, Marekani, kulikuwa na ziwa la matajiri la kuvua na kuendesha mashua, limezuiwa na tuta la udongo la South Fork. Wenyewe walipunguza urefu wa tuta ili magari ya farasi yapite juu, na wakaweka wavu penye njia ya kutolea maji ili samaki wao wasiondoke. Mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalikuwa yameshang'olewa zamani, na hakuna aliyeyarudisha. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, wavu ukaziba kwa takataka, maji yakapita juu, na mji wa Johnstown ulio chini yake ukapoteza watu 2,209. Nilipolisoma hilo nilikumbuka zile nyavu zetu mbili, nikakosa usingizi.

Bwawa letu ni dogo, hatutaki kumtisha mtu kwa maelfu. Lakini chini yake kuna mpunga, kuna nyumba, na kuna njia wanayopita watoto wa skuli kila asubuhi. Watatu tu wanatosha kuwa msiba.

Kazi yenyewe ni hii. Maji yapunguzwe taratibu kwa siku kadhaa, maana yakishushwa kwa ghafla ubavu wa ndani ulioloa unaweza kuporomoka. Penye uvujaji tufukue, tujaze udongo wa mfinyanzi, tuushindilie tabaka kwa tabaka. Mgongo uinuliwe usawa mmoja, upandwe ukoka. Mchirizi upanuliwe na ujengwe kwa mawe na saruji, usiwekwe kitu chochote ndani.

Na mwembe, kwa masikitiko, unaondoka. Najua wapo watakaonuna, mimi mwenyewe nilifunzwa kuogelea nikiruka kutoka tawi lake. Ila mizizi imeshaingia ndani ya tuta, na kuukata tu hakusaidii, kwani kisiki kikioza mizizi huacha mashimo mfano wa mabomba. Lazima ung'olewe na shimo lizibwe vizuri. Kivuli kipya tutapanda ng'ambo ya pili, mbali na tuta.

Tunahitaji shilingi 6,500,000. Mwenye nacho atoe, na asiye na fedha atoe gari la ng'ombe la udongo, mfuko wa saruji au siku yake moja ya kazi. Michango inapokelewa na mshika fedha wa kamati msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na kila senti inaandikwa kwenye daftari lililo wazi kwa yeyote. Mlio mbali, tumeni kupitia jamaa zenu wa hapa, na hakikisheni mmepewa risiti.

Masika huanza Machi, kwa hiyo hatuna muda wa vikao vingi. Kazi ya kujitolea itakuwa kila Jumapili, saa 1 asubuhi. Njoo na pauro au karai lako, uji utakuwepo.

Zile nyavu mbili zipo barazani, zimefuliwa. Wenyewe waje wazichukue, hawataulizwa kitu.