Sikumkatalia Hamisi

Columbus, Ohio
15 Oktoba 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mjomba Selemani mfikishie shikamoo yake, ingawa nina donge naye na leo nitalitoa. Mimi ni mzima. Kazi ni ileile ya kuhudumia wazee, zamu za usiku. Nasikia minada ya korosho imeanza na mabibo yametapakaa chini ya miti. Juzi nimeota harufu yake, nikaamka na hamu ya ming'oko, na huku hakuna wa kunichimbia.

Mdogo wangu Hamisi amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Anataka milioni sita ampelekee wakala wa Dar wa kumtafutia visa ya kuja huku Marekani, mwenye "mtu wake ubalozini". Mwishoni akanipa maneno aliyosema Mjomba kwenye arobaini ya Babu, mbele za watu: kwamba Somoe kashavuka maji, walio ng'ambo shauri yao. Mama, neno hilo limenikaba wiki mbili sasa.

Hamisi, msomee mama taratibu, nawe usikie. Mimi bado si raia wa huku. Nina grini kadi, ruhusa ya kuishi na kufanya kazi. Mwenye grini kadi anaweza kumwombea mume au mke, na watoto wake ambao hawajaoa wala kuolewa. Mama hayumo. Ndugu wa tumbo moja hayumo. Hakuna fomu ya kuandika jina lako hata ningekuwa na fedha za kujaza ghala la korosho. Raia ndiye anayeweza kumwombea ndugu yake, na hata hivyo foleni ya ndugu ina visa 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Mwezi huu wanaofikiwa ni walioombewa mwaka 2007. Mwaka huo wewe nilikuwa nakushika mkono kukupeleka darasa la kwanza.

Nilipokuuliza ni visa gani anayouza huyo wakala, ukanijibu, "Ya matembezi, nikifika nitajua." Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Ukiingia kwa matembezi unapewa uwanjani tarehe ya mwisho ya kukaa, na hiyo ndiyo ya kufuata, si ile iliyobandikwa kwenye pasipoti. Ukaipitisha kwa zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, hurudi kwa miaka mitatu. Ukifikisha mwaka, ni miaka kumi. Sheria hiyo ipo tangu 1996. Na ukidanganya kwenye maombi, unaweza kufungiwa maisha. Nina rafiki hapa, mtu wa Lindi, aliyezidisha muda. Mama yake amezikwa yeye anatazama kwenye simu, kwa sababu akitoka harudi, na watoto wake wako huku. Nilikaa naye usiku ule. Sitaki nikae hivyo na wewe.

Halafu huyo wakala akikuambia anayo ya kuhamia, ni mwongo. Visa ya kuhamia Mtanzania hasailiwi Dar, anasailiwa Nairobi. Mmesahau mlivyonisindikiza stendi mwaka 2018, Mama umenifungia korosho za kubanga kwenye kanga?

Njia niliyopita mimi iko wazi sasa hivi. Bahati nasibu ya visa imefunguliwa tarehe 4 mwezi huu, inafungwa tarehe 7 Novemba, na kuingiza jina ni bure. Umemaliza kidato cha sita, elimu unayo. Jaza mara moja tu, ukijaza mara mbili unaondolewa. Piga picha mpya, ile ya mwaka jana usiiguse. Visa ni mpaka 55,000 na waombaji ni mamilioni, kwa hiyo usiuze pikipiki kwa kuitegemea. Ukitaka kuja kusoma, tafuta kwanza chuo kikukubali na tuonyeshe fedha za ada. Hiyo tutapanga pamoja.

Sasa habari yangu njema, Mama. Mwezi uliopita nimefanya usaili wa uraia. Mia saba na ishirini na tano dola nimelipa kutoka mfukoni mwangu. Wanauliza maswali kumi kutoka kwenye mia, ukipata sita umefaulu. Mimi nimejibu sita ya kwanza mfululizo, yule afisa akafunga daftari! Mtoto wa Mikindani, kwa Kiingereza chao! Kiapo ni tarehe 17 Novemba.

Nikishaapa ninaweza kukuombea wewe, na mzazi wa raia hana foleni ya miaka. Kipato changu kinatosha kukudhamini, nimepiga hesabu. Lakini fikiri vizuri. Grini kadi ni ya kuhamia. Ukikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali wanaweza kusema umeshahama. Najua utauliza kuku atabaki nao nani.

Na kuna hili linalonichoma. Sheria yetu ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Siku nitakayoapa, si Mtanzania tena. Na asiye raia, sheria ya ardhi ya 1999 haimpi ardhi isipokuwa ya uwekezaji. Mjomba analijua hilo, ndiyo maana mikorosho yangu 40 ya Nanyamba ameanza kuiokota na kupeleka chama cha msingi kwa jina lake. Miti ile Babu alinipa akiwa hai, mwenyekiti wa kijiji akishuhudia. Salfa ya kupulizia miti kwa miaka mitano nimelipa mimi. Mjomba ni mkubwa wetu na sitamvunjia heshima, ila kwa hili simwachii.

Nataka kabla ya tarehe 17 shamba liandikwe jina lako, kijijini, kwa muhtasari na mashahidi. Barua yangu ya kukukabidhi nimempa Hamisi kwenye simu, aichapishe.

Nimetuma laki nne. Laki moja na nusu ni ya pasipoti yako, inayobaki ni ya shughuli za shamba. Ya wakala haimo. Na kwenye cheti changu cha kuzaliwa umeandikwa Mwanahawa, kitambulisho chako kinasema Hawa. Huku watalishikilia hilo. Nendeni kesho mkaulize kiapo cha majina.

Nitapiga Ijumaa baada ya swala.

Mwanao,
Somoe