Mwanaidi, iondoe ile Ringer

Mwanaidi mwenzangu,

Salamu nyingi, na za mama pia. Huku hatujambo, Shabani kapata mtoto wa kike, mengine nitakueleza. Neema kaniletea barua yako jana, na pale uliposema poda ya seftriaksoni, ile antibiotiki ya sindano, inachanganywa kwenye Ringer, yale maji ya dripu, nimeshindwa kungoja. Simamisheni leo. Ringer ina kalisiamu, ikikutana na dawa hiyo zinagandamana kuwa chembe, na kwa watoto wachanga chembe hizo zimekutwa kwenye mapafu na figo. Tumieni maji ya chumvi ya 0.9% au dekstrosi 5%. Mtoto asiyetimiza siku 28 akiwa anahitaji maji yenye kalisiamu, asipewe seftriaksoni kabisa, hata kwa kanula (mrija wa mshipani) ya pili.

Umeuliza inakuwaje sindano moja itibu mengi. Angalia ukuta. Bakteria amevaa ukuta uliofumwa kama wavu, na kila akikua au kugawanyika lazima afume upya. Vimeng'enya vyake hushika ncha ya uzi, penye alanini (asidi amino) mbili zilizofuatana, na kuufunga kwenye uzi wa jirani. Pete ya beta-laktamu ya dawa imefanana na ncha ile. Kimeng'enya kinaishika, kinanasa, hakifumi tena. Ukuta unalegea, maji yanamjaa bakteria, anapasuka. Seli zetu hazina ukuta huo. Tena dawa hii hupenya utando wa nje wa bakteria wa Gramu hasi (wenye utando wa ziada nje ya ukuta), kama wa homa ya matumbo, na huvumilia vimeng'enya vingi vinavyoikata penisilini.

Ndiyo maana nasikitika kusikia kila homa hapo inaanzishiwa gramu moja. Mafua ni virusi, ukuta wa kufumwa hakuna. Vijidudu vya malaria navyo havina. Maikoplasma huleta kichomi, ni bakteria, lakini ukuta hana kabisa. Enterokokasi, bakteria wa tumboni, anao, ila vimeng'enya vyake haviishiki dawa vizuri. Wapo pia wenye kimeng'enya cha ESBL, wanaoikata pete kabla haijafanya kazi, na kila kichupa mnachofungua kwa mafua kinawaua dhaifu tumboni kinawaachia nafasi hao. Shirika la Afya Duniani limeiweka dawa hii kwenye kundi la kuangaliwa kwa sababu hiyohiyo, na sisi...

Haya, vipimo. Nusu ya dawa hutoka mwilini kwa saa 8 hivi, kwa hiyo mtu mzima hutosheka na gramu 1 hadi 2 mara moja kwa siku; homa ya uti wa mgongo ni gramu 2 kila saa 12. Kwenye msuli, gramu 1 kwa ml 3.5 za lignokeini (dawa ya ganzi) ya 1%, na mchanganyiko huo usiingie mshipani kamwe. Ya mshipani ni ml 10 za maji ya sindano, isukumwe taratibu kwa dakika 2 mpaka 4.

Yule mchanga wa siku tisa, macho yana manjano? Nauliza kwa sababu seftriaksoni huibandua bilirubini, ile rangi ya manjano, kwenye protini ya damu ikaweza kufika ubongoni. Kwa nini hakuanzishiwa ampisilini na jentamaisini? Zimekwisha? Malaria mnapima kabla ya sindano? Usiku nani anachanganya dawa? Na chupa za Ringer na za chumvi, bado ziko rafu moja?

Wako,
Saumu