Mwanangu, usiishie kwenye jina la mbinu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipata Jumamosi jioni, nikaisoma mara mbili kabla sijafunika cherehani. Unasema umepata alama saba kwa ishirini kwenye jaribio la fasihi, na hujui umekosea wapi, maana mbinu zote ulizitaja. Karatasi uliyoniwekea ndani ya bahasha nimeiangalia. Kosa nimeliona, tena nalijua vizuri, kwa sababu nililifanya mwenyewe nikiwa kidato cha pili. Mwalimu wetu alikuwa na kalamu nyekundu, na pembeni ya kila mbinu niliyoitaja aliandika maneno mawili tu: "Kwa hiyo?" Nililia siku ile. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa amenipa swali la kunifaa maisha yangu yote ya kusoma.

Umeandika, "Mwandishi ametumia tashbihi." Kwa hiyo? Tuchukue maneno tunayoyasema nyumbani kila siku. Nikisema kijana aliingia kwa aibu, umepata habari. Nikisema aliingia kama kuku aliyenyeshewa, umemwona: mabega yameshuka, shingo imezama, anatafuta pa kujibanza. Hiyo ndiyo kazi ya tashbihi. Sasa ondoa "kama", useme "kuku mnyeshewa yule kaingia." Hapo sifananishi tena, nimemgeuza kuwa kuku, nawe umeisikia dharau iliyoongezeka. Hiyo ni sitiari. Na ukinisikia nikisema cherehani inakohoa leo, inadai mafuta, hiyo ni tashihisi: kitu kisicho na uhai nimekipa tabia ya mtu. Nakisema hivyo kwa sababu nimekaa nacho miaka mingi, na kwangu ni kama mwenzangu wa kazi. Ukiandika hilo kwenye mtihani, umeeleza. Ukiishia kwenye neno "tashihisi", umetaja tu.

Unamkumbuka bibi yako akitusimulia hadithi jikoni? "Hadithi, hadithi!" Sisi, "Hadithi njoo!" Fisi anafika mlangoni, anabisha hodi kwa sauti ya mama, watoto wako peke yao ndani, na mkubwa wao ameshika komeo. Hapo hapo bibi ananyamaza, anainama, anasukuma kuni, anapuliza moto. Moshi unamwingia machoni, anajifuta taratibu na ncha ya kanga. Wewe ulikuwa unamvuta mkono: "Bibi, akafungua?" Hiyo ni taharuki, mwanangu. Zile kuni hazikuhitaji kusukumwa. Alijua kwamba hofu inakua pale tunaposubiri. Kwenye riwaya utaiona sura ikikatwa palepale mtu anapofungua barua. Mwandishi naye anasukuma kuni.

Msuko, yaani namna visa vilivyopangwa, sitauandika sana, umeuelewa. Kumbuka tu kwamba visa vikienda kutoka mwanzo hadi mwisho, huo ni muundo wa msago, na hadithi ikianzia msibani kisha ikarudi kwenye harusi, huo ni wa rejea. Kule kurudi nyuma wengine hukuita mbinu rejeshi na wengine kisengere nyuma, kitu ni kilekile. Jiulize mwandishi amepata nini kwa kuanzia msibani. Mimi nadhani amepata hivi: kila kicheko cha harusini tunakisikia tukiwa tayari tunajua kilio kinakuja.

Ulipokosa zaidi ni kwenye majazi, yaani kumpa mhusika jina linaloendana na tabia yake, na hapo pameniuma, kwa kuwa mfano wake bora umetoka kwetu Tanga. Shaaban Robert, katika kitabu chake Kusadikika cha mwaka 1951, alimpa mshtakiwa jina la Karama na waziri anayemshtaki akamwita Majivuno. Kabla kesi haijapamba moto, unajua nani amejaliwa kipaji na nani amejaa kiburi. Lakini usiishie hapo. Mtu aliyeitwa Majivuno atatushangaza vipi? Amefungwa na jina lake, hivyo ni mhusika bapa, tofauti na mhusika duara anayebadilika kadiri mambo yanavyomkuta. Je, ni udhaifu? Kwangu mimi, hapana. Kusadikika, ile nchi ya kitabuni inayoning'inia angani, ni istiara, yaani hadithi nzima inayosimama badala ya jambo jingine, na wahakiki wengi wameuona ndani yake utawala wa kikoloni. Mtu aliyeandika wakati Waingereza bado wanatawala asingeweza kusema kila kitu waziwazi. Majina yale yalimwezesha kuzungumza juu ya dhuluma bila kumtaja mtawala yeyote.

Mwalimu wako anasema fani, yaani namna ya kusema, ni kitu kimoja, na maudhui, yaani jambo linalosemwa, ni kingine. Kwa kufundishia ni sawa. Mimi fundi najua ukifumua mshono wa gauni, huna gauni tena, una vipande vya kitambaa. Kwa hiyo ukiandika kuhusu mbinu, ishike pamoja na jambo linalosemwa.

Rudia jibu lako la swali la pili. Chagua mbinu mbili tu, si tisa, na kila moja uiulize "Kwa hiyo?" mpaka iseme. Niandikie ulichopata, nitakusomea mwenyewe.

Sweta lako nimelimaliza. Mikono nimeiongeza inchi mbili maana unarefuka, na ndani nimekushonea mfuko wa kalamu. Utalipata kwa basi la Jumatano.

Mama yako